Mama Mwaba Atalala Wapi

Mgeni alifika nikiwa nimepiga magoti chini ya meza, natafuta waya wa chaji. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na kompyuta yangu ilikuwa imebaki na pumzi kidogo. Nilisikia lango likigongwa, kisha sauti ya mwanamke ikisema "Odi." Mama yangu, Albertine, aliitikia kutoka kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, alikokuwa akipika, halafu akaniita kwa ile sauti anayoitumia akidhani nimefanya kosa.

"Ruben, kuya huku. Kuko mama mumoja anakutafuta. Anatoka Pweto."

Sikumjua mtu yeyote wa Pweto, kule mbali ziwani. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, kikapu cha samaki wakavu kiko miguuni pake, na harufu ya samaki hao ilikuwa imeshalijaza lupango, ua wetu wote, hadi kwa jirani. Alikuwa mkubwa kuliko mama yangu kidogo. Viatu vyake vilikuwa vipya na vilimbana. Kimoja alikuwa amekivua.

"Ni weye njo unaandikaka mambo ya Brésil?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Ni miye."

"Ulifika kule mara ngapi?"

Mama yangu alicheka kabla sijafungua mdomo. "Huyu? Alifika Kasumbalesa, pale ku mupaka tu. Akarudi kichwa inamuuma."

Ni kweli. Nilisoma utalii, nikapata diploma, na tangu hapo nimekuwa nikiandika juu ya miji ambayo sijawahi kuikanyaga. Tovuti moja ya mbali hunipa kazi ya kuandika kwa Kifaransa: Lima, Bogotá, Buenos Aires. Lakini São Paulo niliipenda kuliko yote, hata nikaiandika kwa Kiswahili kwenye ukurasa wangu mwenyewe, bila kutumwa na mtu: mambo ambayo lazima uyafanye ukifika São Paulo. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu wa Kampemba, mtaa wetu, ana haki ya kuujua mji huo kama mtu mwingine yeyote. Waliousoma ukurasa huo walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa Joëlle, binti wa mama huyu, aliyekuwa akiishi huko huko São Paulo.

Mgeni akanipa simu yake. Joëlle alikuwa ameacha ujumbe wa sauti.

"Kaka Ruben, nisamehe, hatujuane. Mama yangu ana visa na tiketi, anapanda ndege samedi, kupitia Addis-Abeba. Niko karibu kuzaa. Hajapandaka ndege, hajatokaka Katanga. Nimesoma vile unaeleza mji, unaeleza muzuri. Mufundishe kidogo, ili asiogope. Niko na bwana tu huku, sina mama mwingine."

Niliusikiliza ujumbe huo nikiwa nimesimama, kisha nikausikiliza tena. Nilimwambia Mama Mwaba, maana ndilo lilikuwa jina lake, kwamba atalala kwetu hadi Jumamosi na kwamba akipanda ndege ataijua São Paulo kuliko watu waliozaliwa huko. Mama yangu aliutazama mkeka wa sebuleni, kisha akanitazama mimi, akaenda kuongeza unga kwenye sufuria.

Jioni hiyo hiyo nilianza. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa imezima, nilichukua kipande cha makala, mkaa wa mbabula, nikachora mji chini, kwenye saruji ya lupango, kutoka kwenye kamba ya nguo hadi bombani.

"Hii ni Avenida Paulista," nikasema. "Jumapili magari yote yanakatazwa. Watu wanatembea katikati ya barabara, wengine wanapiga muziki, watoto wanapanda baiskeli. Lazima uende."

"Banafunga barabara juu ya bantu batembee tu?"

"Ndiyo, mama."

"Kusiko kilio?"

"Kusiko kilio. Hakuna aliyekufa."

Alitikisa kichwa, akatembea juu ya mstari wangu hadi bombani na kurudi, mguu mmoja na kiatu, mwingine bila. "Muzuri," akasema. "Na nitalala wapi?"

"Kwa Joëlle, mama." Nikamwonyesha jumba la makumbusho lililonyanyuliwa juu ya nguzo nyekundu. Nikamwonyesha bustani kubwa ya Ibirapuera, ambayo niliichora pale mama yangu alipopanda majani ya viazi. Nikamwonyesha soko kuu, ambako wanauza mkate uliojazwa nyama nyembamba nyingi mno, kiasi kwamba mtu hajui aanzie wapi kuuma.

"Hapo mtakaa mezani," nikasema. "Wewe hapa, Joëlle hapa, na Guelor hapa, mbele yako."

Guelor ni mume wa Joëlle. Mama Mwaba aliyatazama yale maduara matatu ya makala, akavuta kitambaa chake kikashuka karibu na macho, akaondoka juu ya mchoro.

"Nitalala wapi?" akauliza tena, lakini safari hii aliwauliza samaki wake.

Kesho yake ilikuwa vivyo hivyo. Nilimweleza mtaa wa Liberdade wenye taa nyekundu za Kijapani. Alisikiliza vizuri, akauliza kama Wajapani nao wanakula samaki wakavu, kisha akauliza atalala wapi. Nilimfundisha kusema asante kwa Kireno. Alisema vizuri kuliko mimi, kisha akauliza atalala wapi. Nilidhani anaogopa ghorofa, kwa sababu Joëlle anakaa ghorofa ya juu sana. Kwa hiyo nilimpeleka katikati ya mji kwenye jengo moja lenye lifti, nikamwomba mlinzi aturuhusu tupande na kushuka mara moja. Lifti haikuwa na umeme. Tukapanda kwa ngazi. Mama Mwaba alifika juu akiimba wimbo wa kanisani polepole. Mimi nilifika nikiwa nimeshika ukuta.

"Unaona?" nikasema nikihema. "Juu si kubaya."

"Nani alisema juu ni kubaya?"

"Sasa unaogopa nini, mama?"

Aliutazama mji wetu, mabati na vumbi, na kule mbali mlima mweusi wa takataka za shaba. "Papa, weye unanionesha kwenye nitatembea. Muntu anatembea muchana. Usiku njo anaingia mu nyumba."

Nilirudi nyumbani nimechoka na nimekasirika, na nilichukia kwamba nimekasirika. Nilimwambia mama yangu kwamba kuna watu ambao ukiwafungulia mlango wa dunia wanauliza kitanda kiko wapi.

"Na weye mwenye kufungua, kiko wapi?" mama yangu akajibu.

Kisha nikapata wazo ambalo niliona ni zuri. Jioni umeme uliporudi nilimpigia Joëlle kwa video, ili amwonyeshe mama yake nyumba, chumba kwa chumba. Lakini aliyepokea hakuwa Joëlle. Alikuwa Guelor, amevaa sare ya kazi, kijana mnene mwenye uso wa upole. Joëlle alikuwa bafuni. Nilifurahi. Niligeuza simu ghafla kuelekea mkeka alipokaa Mama Mwaba, nikasema, "Mama, huyu hapa mukwe wako. Musalimie."

Mama Mwaba alipiga ukelele mdogo, kama mtu aliyeungua. Akajifunika kichwa chote kwa kitenge, akainuka, akagonga meza, chai ya mama yangu ikamwagika, akatoka nje akipapasa ukuta. Kwenye simu niliona dari tu. Guelor naye alikuwa ameitupa simu yake kitandani.

"Kaka," nikasikia sauti yake, "ni nini umefanya?"

Sisi kwetu ni watu wa Kasai. Babu yangu aliletwa hapa na reli, na nyumbani ndoa ni mahari, padri na meza ya wageni. Sikujua. Mama yangu ndiye aliyemfuata Mama Mwaba nyuma ya nyumba, na baada ya kitambo kirefu akaniita, akaniambia nikae mbali kidogo na nisikilize.

"Kwetu," Mama Mwaba alisema, mgongo ukiwa kwangu, "mukwe na mama ya bibi yake habaonane uso kwa uso, habakule pamoja, habalale mu nyumba moja, mpaka siku banamuingiza. Bandugu yake banaleta kuku na kikwembe, kitenge mupya. Miye napika, anakula chakula ya mukono yangu. Pale njo anakuwa mutoto yangu, ninaweza kumuangalia. Guelor alitoa mahari, sikatai. Lakini aliolea kule mbali, na ile ingine haikufanywa. Sasa nyumba yao iko chumba moja na salon. Nitalala wapi?"

Nilikumbuka yale maduara matatu ya makala, moja mbele ya jingine, nikaona aibu hadi masikioni.

"Lakini mama, kule ni Brésil," nikasema. "Hakuna mtu wa Pweto atakayekuona."

"Na miye? Miye sitakuwa kule?"

Joëlle alipiga simu akilia. Alisema Jeannot, kaka wa Guelor aliyebaki hapa, aliwaambia mambo yote yamekwisha, kuku ameshapelekwa Pweto zamani. Mama Mwaba alisema kuku huyo labda alitembea kwa miguu na bado yuko njiani. Aliposema hivyo alicheka, lakini kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hatapanda ndege. Tiketi na iende peke yake. Mjukuu atazaliwa, watamtumia picha.

Nilimpigia Jeannot. Ni dereva wa lori kubwa.

"Kesho nakuya," akasema.

Kesho yake hakuja. Nilimpigia tena. "Niko njiani, mukubwa, usikuwe na wasiwasi." Nilisikia honi nyuma yake, nyingi, zimekasirika. Mchana akasema ukweli: alikuwa Kasumbalesa, kwenye foleni ya malori, mbele malori na nyuma malori, hawezi hata kugeuza. "Mwambie Mama aende tu. Ile mambo ni ya zamani."

"Umwambie mwenyewe."

"Eh, siwezi. Miye pia ni mukwe."

Nilikata simu nikaenda kukaa nje. Mji wangu wa makala ulikuwa bado pale, ingawa kuku wa jirani walikuwa wameshaikwangua bustani ya Ibirapuera. Nilijiuliza ni nani aliyeandika neno "lazima" juu ya vitu hivi vyote, nikakumbuka ni mimi.

Niliingia nikamuuliza Mama Mwaba kama ndugu wa mukwe ni lazima awe wa damu.

"Anaweza kuwa rafiki," akasema polepole, "kama mukwe mwenyewe anamutuma. Lakini anakuwa ndugu kabisa. Si ya siku moja. Nikikufa, atakuya ku kilio na kuku yake."

"Guelor akinituma, nitasimama."

Alinitazama toka juu hadi chini. "Mukasai?"

"Ndiyo."

"Banakula samaki yetu miaka yote bila kutoa kuku. Haya, sasa utatoa." Kisha akaacha mzaha. "Lazima ifanywe asubuhi, Guelor akiwa pale ku telefone, mbele aende kazi. Na ukikaa kula chakula ya mukono yangu, hausimame mpaka iishe. Bantu ba masomo nabajua. Telefone inalia, banasema 'pardon', banaenda. Kama unasimama katikati, ni sawa hatukufanya kintu."

"Sitasimama, mama."

"Hata inalia?"

"Hata inalia."

Guelor alikubali kwa furaha ambayo ilinitia haya. Anaondoka kwenda kazini alfajiri, na alfajiri ya kule ni saa nne ya asubuhi kwetu. Tukaweka saa nne, Ijumaa.

Nilikuwa narudi kutoka sokoni, kuku akiwa kwapani, simu yangu ilipolia. Ilikuwa kampuni moja ya safari ya mjini. Nilikuwa nimewaandikia tangu mwaka jana. Walitaka mtu wa kuuza safari za Brazili, mtu anayeweza kueleza São Paulo, na walikuwa wameniambia watanipokea wiki inayofuata. Sasa bibi wa ofisi alisema mkurugenzi anasafiri, kwa hiyo mahojiano yamesogezwa hadi Ijumaa, saa nne asubuhi.

"Naomba mchana, madame. Hata saa sita."

"Monsieur Ruben, watu wa nafasi hii ni wengi. Uje, ama uache."

"Nina jambo la familia."

"Wote wana jambo la familia," akasema, si kwa ubaya.

Kuku alinyamaza kwapani kama anasikiliza. Nilisimama kando ya barabara hadi vumbi la magari likanifanya nikohoe. Ningeweza kumwomba Guelor achelewe kazini; nilimwomba, akasema akichelewa tena watamfukuza, na mtoto anakuja. Ningeweza kuomba tufanye alfajiri yetu. Kule ingekuwa katikati ya usiku, na usiku huo Guelor alikuwa na zamu ya ziada ghalani, ambako simu haziruhusiwi. Niligeuza kila upande. Nilikuwa kama lori la Jeannot.

Mama yangu alipojua, aliketi. "Mwaka muzima unalilia ile kazi."

"Ndiyo."

"Nilikusomesha ukuwe na ofisi, Ruben. Haikuwa juu ya kubeba kuku ya bantu benye hatujue."

"Naomba usimwambie."

Aliingia chumbani, akafungua sanduku, na nilimsikia akivuta na kurudisha vitu kwa hasira. Akatoka na kitenge kipya cha bluu, chenye ndege weupe, ambacho alikuwa amekiweka kwa ajili ya Pasaka. Akakitupa juu ya magoti yangu bila kunitazama.

"Kuku peke yake ni aibu," akasema.

Ijumaa nilivaa shati langu la mahojiano, kwa sababu ndilo lililokuwa safi. Nilitoka nje ya lango na kuku na kitenge, nikagonga kama mgeni katika nyumba yetu wenyewe. "Odi." Mama yangu, ambaye alikuwa amekubali kuwa upande wa mke, alinichelewesha kwa makusudi.

"Ni nani?"

"Ni ndugu ya Guelor."

"Guelor gani?"

"Guelor wa Joëlle."

"Hatumujue. Anaimba mu kanisa gani?"

Nilisikia Mama Mwaba akicheka ndani, amejifunika. Hatimaye walifungua. Niliweka kuku na kitenge kwenye mkeka, nikakaa chini, nikasimamisha simu yangu juu ya meza, imeegemea glasi, na Guelor akatokea, gizani, amevaa shati jeupe la kanisani, macho yameinama. Nyuma yake Joëlle alikuwa amekaa kitandani, tumbo kubwa, kiganja mdomoni.

Mama Mwaba alileta bukari, ugali wetu, na samaki wa Pweto aliyempika kwa nyanya na mafuta ya mawese. Kichwa chake kilikuwa bado kimefunikwa. Alikata kipande cha bukari, akakichovya, akanyoosha mkono kwa kukisia mahali nilipo.

"Huyu ni Guelor," akasema. "Ninamulisha leo. Hatakuwa mugeni mu nyumba yangu, na miye sitakuwa mugeni mu yake."

Nilikula. Ilikuwa na pilipili nyingi. Akakata kipande kingine, na hapo ndipo simu ilipoanza kutetemeka juu ya meza, na uso wa Guelor ukafunikwa na namba ya ofisi ile. Saa nne ilikuwa imepita kidogo. Namba ilikuwa inawaka na kuzima. Mama yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliitambua kwa sababu nilikuwa nimemwonyesha mara nyingi mwaka mzima. Aliziba mdomo wake kwa upindo wa nguo.

"Ni nini?" Mama Mwaba akauliza chini ya kitenge. "Anaenda?"

"Haendi," nikasema.

Kwa mkono wa kushoto, uliokuwa safi, nilibonyeza kitufe chekundu. Uso wa Guelor ukarudi, ukinitafuta kwa wasiwasi. Nilimwonyesha kwa kichwa kwamba tuendelee.

Mama Mwaba alishusha kitenge polepole, kwanza paji, kisha macho. Akamtazama mkwe wake. Guelor alianza kusema "Mama" na sauti ikamkatikia, na yeye mwanamke, ambaye alikuwa ameniuliza swali lile lile hadi nikalichukia, sasa aliliuliza kwa mwenye nyumba.

"Guelor, mwanangu. Nitalala wapi?"

Akainuka na simu yake, chumba kikayumba, tukaona jiko dogo, pazia, taa za madirisha mengi nje katika giza, kisha kitanda chembamba kando ya dirisha, kimetandikwa shuka la njano. Juu yake walikuwa wameweka mto mmoja, na kando yake kikapu cha mtoto.

"Hapa, Mama."

Namba ya ofisi ilirudi juu ya kitanda kile. Nikabonyeza tena kitufe. Haikurudi mara ya tatu.

"Kula," Mama Mwaba akaniambia, akinisogezea sahani. "Haijaisha."

Nikala.